Paka anayejikuna mpaka vidonda: tuanze na kiroboto usiyemwona

Ukipita Kawe asubuhi, kuanzia Ukwamani ukashuka Mzimuni mpaka ufukweni kwa wavuvi, utahesabu paka mpaka uchoke. Wapo wa kufugwa, wapo wa mtaa, na wapo wale wa katikati wenye nyumba tatu, na kila nyumba inaamini paka ni wake peke yake. Ukiwaangalia kwa makini utaona kitu kingine. Huyu ana upara juu ya mkia. Yule shingo imejaa vigaga vidogo kama punje za mtama. Mwingine masikio yamekauka na kukunjamana, uso umeota magamba. Muulize jirani, atakujibu kwa neno moja: "ukurutu." Kesi imefungwa.

Kwa kweli haijafungwa. "Ukurutu" tunalitumia kwa magonjwa sita au saba tofauti, na dawa inayofaa kwa moja haisaidii jingine, wakati mwingine inalizidisha. Kibaya zaidi, mambo mengi tunayowapaka paka wetu ili kuwatibu yanaua haraka kuliko ugonjwa wenyewe. Mimi ni mtu wa wadudu, si daktari wa mifugo, kwa hiyo makala hii haitakufundisha kumtibu paka nyumbani kwa sindano. Itakusaidia kuelewa kinachoendelea kwenye ile ngozi, ili ukifika kwa daktari ujue unaulizwa nini, na ukiwa hujafika usimuue paka wako kwa upendo.

Kwa nini hawezi kuacha

Ngozi ina nyuzi nyembamba sana za fahamu ambazo kazi yake ni kupeleka taarifa ya muwasho kwenye uti wa mgongo na ubongo. Mdudu akiuma, mate yake yanaingia ndani ya ngozi, seli za kinga zinamwaga kemikali, histamini ikiwa mojawapo, na zile nyuzi zinapiga kengele. Paka anakuna. Kukuna ni maumivu madogo, na maumivu madogo huzima muwasho kwa muda mfupi. Ndiyo maana hata wewe ukikuna alipokuuma mbu unasikia raha. Shida ni kwamba kucha zimeshachana ngozi. Seli zilizoumia zinamwaga kemikali zaidi, bakteria waliokuwa wanaishi juu ya ngozi bila ugomvi wanapata mlango wa kuingia, na muwasho unarudi mkubwa kuliko mwanzo. Baada ya siku kadhaa kidonda kinawasha chenyewe, hata kama mdudu aliyeanzisha alishakufa.

Halafu paka ana kifaa cha pili ambacho wengi hatukihesabu: ulimi. Umejaa miiba midogo iliyotengenezwa kwa keratini, dutu ileile ya kucha, na miiba hiyo inaelekea nyuma kooni. Ukilambwa na paka mkononi unajua ninachosema. Kwa hiyo paka anaweza "kujikuna" kwa kulamba, kimya kimya, usiku umelala, na wewe ukaapa kwamba huyu hajikuni hata kidogo, manyoya yanaanguka tu yenyewe. Angalia nywele za pembeni mwa ule upara kwenye mwanga mzuri. Ncha zikiwa zimekatika butu, kazi hiyo ni ya ulimi. Zikiwa zina ncha nyembamba za kawaida na zinang'oka kirahisi ukizivuta, fikiria kitu kingine, kwa mfano fangasi.

Unaowaona ni wachache kati ya wengi

Kiroboto wa paka, Ctenocephalides felis, ndiye mtuhumiwa wa kwanza. Kwa mji kama Dar es Salaam ningesema ndiye mwenye kesi mpaka ithibitike vinginevyo. Jina lisikudanganye, anaishi vizuri tu kwenye mbwa, na akikosa wote wawili atakuuma wewe kwenye vifundo vya miguu.

Jike akishanyonya damu anaanza kutaga ndani ya siku moja au mbili, na akiwa kwenye kilele chake anatoa mayai 40 mpaka 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Yanadondoka popote paka anapolala: mkekani, kwenye sofa, chini ya kitanda, kwenye lile rundo la nguo zinazosubiri kupigwa pasi tangu Jumapili. Yanaanguliwa ndani ya siku chache na kutoa mabuu, vijinyuzi vyeupe visivyo na macho vinavyokimbia mwanga na kujichimbia kwenye nyufa na vumbi. Wanakula nini huko? Kinyesi cha wazazi wao, ambacho kwa sehemu kubwa ni damu iliyokauka. Yaani mama anakaa juu ya paka ananyonya, na huku anawadondoshea watoto chakula kutoka ghorofani.

Mabuu wakishakua wanajisokotea kifuko kinachonata mchanga na vumbi, hivyo hakionekani, na dawa nyingi hazipenyi humo. Ndani ya kifuko kiroboto mpya anaweza kutoka baada ya siku chache, au akasubiri wiki nyingi, hata miezi, mpaka asikie joto, mtikisiko na pumzi ya kiumbe anayepita. Kama umewahi kuhamia nyumba iliyokaa tupu na miguu ikavamiwa siku ileile ya kwanza, basi ni hao. Walikuwa wanakusubiri.

Makadirio yanayotumika sana na wataalamu yanasema viroboto wakubwa, wale unaoweza kuwaona kwenye paka, ni kama asilimia 5 tu ya jeshi zima. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifuko, na wako ndani ya nyumba. Sasa unaona kwa nini kumwogesha paka mara moja halafu kumrudisha kwenye mkeka uleule hakusaidii kitu?

Na sisi wa pwani tuna bahati mbaya nyingine. Nchi za baridi zina msimu wa viroboto, ukifika wakati fulani wa mwaka wanapungua sana. Mabuu hufa hewa ikiwa kavu, unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 hivi, na baridi kali huwaua. Kawe iko kando ya Bahari ya Hindi. Joto lipo, unyevu upo, Januari mpaka Desemba, na safari nzima kutoka yai mpaka kiroboto anayeuma inaweza kwisha ndani ya wiki tatu.

Sasa, paka wengi huumwa na viroboto bila kupata vidonda. Wanaopata vidonda vibaya mara nyingi ni wale wenye mzio, au aleji kama tunavyosema mtaani, wa mate ya kiroboto. Kwa paka wa namna hii huhitaji kundi. Kuumwa mara chache tu kunatosha kuwasha mwili mzima. Hapa ndipo kuna mtego unaowachanganya watu. Paka mwenye mzio anajilamba sana, na akijilamba anawameza viroboto. Kwa hiyo paka anayeteseka zaidi ndiye mara nyingi huwezi kumkuta na kiroboto hata mmoja. Mwenye paka anasema "nimemkagua, hana," na kwa macho yake anasema kweli.

Usitafute kiroboto basi, tafuta kinyesi chake. Chukua tishu nyeupe, ilowanishe maji, muweke paka juu yake, kisha mchane kwa chanuo la chawa, lile lenye meno ya karibu karibu, hasa juu ya mkia na shingoni. Chembe nyeusi zitaanguka. Zikibaki nyeusi ni uchafu tu wa barabarani. Zikianza kuchuja rangi ya kutu au nyekundu, hiyo ni damu ya paka wako iliyopita tumboni mwa kiroboto. Dalili nyingine ni vipande kama punje za mchele chini ya mkia. Hao ni vipande vya tegu ambaye paka humpata kwa kumeza kiroboto.

Kwa watoto wa paka habari si ya muwasho tena. Viroboto majike 72 wanaweza kunywa mililita 1 ya damu kwa siku. Kipaka cha nusu kilo kina damu kama mililita 30 hivi mwilini mwote. Fanya hesabu mwenyewe. Ukifunua mdomo wa kipaka ukakuta fizi nyeupe badala ya waridi, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, si ya wikiendi.

Nisiache kumtaja na binamu yake, maana Kawe bado kuna nyumba nyingi zenye kuku wa kienyeji uani. Kuna kiroboto wa kuku anayejishikiza kichwani na haruki ruki kama yule wa kawaida. Anang'ang'ania palepale kama kupe. Kwa paka utamkuta kwenye kingo za masikio na kuzunguka macho, vidoa vidogo vya kahawia vilivyopangana. Usivikwangue kwa kucha. Na ukimtibu paka bila kusafisha banda la kuku umefanya nusu ya kazi.

Anajikuna wapi?

Swali hili daktari yeyote mzuri atakuuliza, kwa hiyo angalia kabla hujaenda. Mzio wa kiroboto hupenda sehemu ya nyuma: kiuno, juu ya mkia, mapaja ya ndani, na mara nyingi shingo pia, pamoja na vile vigaga kama mtama ambavyo unavihisi kwa vidole kabla ya kuviona.

Kama kichwa kinatikiswa na ndani ya sikio kuna uchafu mweusi mkavu kama machicha ya kahawa, fikiria utitiri wa masikio. Ni vijidudu vya jamii ya kupe, na vinahama kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wakiwa bado wananyonya.

Kama magamba ya kijivu yanaanzia kwenye kingo za masikio, yanashuka usoni na shingoni, ngozi inakuwa nene na kukunjamana, huo ndio ukurutu wenyewe. Anayesababisha ni utitiri unaochimba ndani ya ngozi, jina lake Notoedres cati. Unaambukiza paka kwa paka kwa kasi sana, na wewe unayembeba unaweza kupata vipele vya kuwasha mikononi na tumboni kwa muda, ingawa mdudu huyu hawezi kuweka makazi ya kudumu kwenye ngozi ya binadamu. Daktari anakwangua kidogo juu ya gamba, anaweka kwenye hadubini, na wadudu wanaonekana. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya kifahari. Ukitibiwa vizuri unaisha, na paka wote wa nyumba wanatibiwa pamoja. Ukiachwa, paka anakonda, anaacha kula na anaweza kufa. Wale paka wa mtaani wenye nyuso za kizee unaowaona sokoni wengi wao hawakuhitaji kufika pale.

Kuna jambo jingine ambalo kwa jiji letu la mbu linafaa kujulikana zaidi: baadhi ya paka wana mzio wa mbu. Vidonda vinatokea mahali penye nywele chache, juu ya pua, kwenye masikio, wakati mwingine kwenye nyayo. Mlaze ndani penye wavu dirishani kwa wiki moja. Vidonda vikipungua bila dawa yoyote umepata jibu.

Na jeraha moja lililovimba ghafla, lina joto na usaha, hasa kwa dume anayezurura usiku, kwa kawaida si ugonjwa wa ngozi. Kapigana. Meno ya paka ni kama sindano, yanapanda bakteria ndani halafu tundu la juu linajifunga, usaha unajikusanya chini. Hilo linahitaji kufunguliwa na kusafishwa na daktari, na dume huyo akihasiwa ugomvi utapungua sana.

Mviringo usiowasha sana

Fangasi wa ngozi, yale tunayoyaita mapunye au choa, wanastahili nafasi yao kwa sababu moja: watoto. Kwa paka anayeongoza ni Microsporum canis. Paka anaweza kuwa na mabaka ya upara yenye magamba, mara nyingi usoni na miguuni, na asijikune sana. Anaweza hata kuwabeba fangasi bila dalili yoyote. Mtoto wa darasa la kwanza anayelala naye akaota duara kichwani, mama anamlaumu kinyozi.

Mbegu za fangasi hao zinabaki hai kwenye nywele zilizodondoka kwa muda mrefu, hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo mtoto akipata mapunye na nyumbani kuna paka, wote wawili wapimwe, siyo mmoja. Hapa pia nina ugomvi wangu na zile tyubu za mchanganyiko zinazouzwa kwenye maduka ya dawa, zenye steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria humo humo. Steroidi inazima wekundu na muwasho, unaona imekaa sawa, huku kinga ya ngozi imelazwa usingizi na fangasi anaendelea kutambaa. Kwa paka ni mbaya zaidi maana atailamba. Vivyo hivyo sindano ya steroidi anayochomwa paka kila akijikuna bila kupimwa: muwasho unakoma siku tatu, unarudi, anachomwa tena. Steroidi ina kazi yake halali mikononi mwa daktari, lakini ikirudiwa rudiwa kwa paka inaweza kumletea hata kisukari.

Sumu zilizomo kabatini

Hapa naomba usome polepole.

Ini la binadamu na la mbwa lina kimeng'enya kinachoshikiza sukari maalumu kwenye kemikali fulani ili ziyeyuke kwenye maji na kutoka kwa mkojo. Paka ana jeni la kutengeneza kimojawapo cha vimeng'enya hivyo, lakini jeni hilo limeharibika, lipo kama gari bovu uani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha jamii mbalimbali za paka wa porini na wa nyumbani ukakuta hitilafu hiyo imeenea katika familia nzima. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mababu zao walikuwa wanakula nyama tupu. Kimeng'enya hicho kinafaa zaidi kwa anayekula mimea, ambayo imejaa kemikali za kujilinda, na kisichotumika kikaachwa kiharibike. Simba wa Serengeti na paka wako wa Kawe wana urithi uleule.

Matokeo yake ni haya. Kidonge kimoja cha Panadol kinaweza kumuua paka. Damu yake inashindwa kubeba oksijeni na kuwa na rangi ya kahawia, fizi zinabadilika, uso unavimba. Watu wanampa kwa huruma kwa sababu kidonda kinamuuma.

Permetrini, dawa iliyomo kwenye matone mengi ya viroboto vya mbwa, ni hatari kubwa kwa paka, na udhaifu huohuo wa ini unatajwa kuwa chanzo. Mbwa anapakwa mgongoni na hana tatizo. Paka akipakwa ileile, ndani ya saa chache masikio yanaanza kuchezacheza, misuli inatetemeka, kisha degedege. Hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda huohuo yuko hatarini. Kichupa kikiwa na picha ya mbwa peke yake, kimekwisha kukwambia. Dawa za kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe nyingi ni za ukoo huo, na nyingine zina amitrazi, nayo haifai kwa paka. "Nitaichanganya na maji mengi" si kipimo.

Ivermektini ni mfano mzuri wa dawa halali inayogeuka sumu kwa hesabu. Daktari huitumia kwa ukurutu wa paka. Ila chupa ya mifugo kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita, na ng'ombe huchomwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Paka wa kilo 3 kwa uwiano huohuo ni mililita 0.06, yaani kama tone moja. Sasa mpe mchoma sindano wa mtaani bomba la mililita 5 na umwambie apime tone. Akizidisha kidogo tu kwa macho, amemzidishia paka mara kumi.

Oili chafu na mafuta ya taa vina historia ndefu kwenye ukurutu wa mbwa. Paka akipakwa atajilamba usiku kucha, kwa sababu ndivyo alivyo, na vyote vinaingia tumboni na mapafuni. Sabuni za maji za kuua vijidudu, zile ambazo ukizimimina zinageuza maji kuwa meupe kama maziwa, nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli ambazo ini lake haliwezi. GV nayo ikilambwa inaunguza kinywa. Kanuni rahisi: chochote unachompaka paka, umempa anywe.

Kama jambo limeshatokea na paka anatetemeka baada ya kupakwa dawa, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida ya vyombo, suuza sana, mkaushe, mfunike taulo, kisha ita boda au bajaji uende kwa daktari ukiwa umebeba na kichupa chenyewe. Usimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu, yanaweza kuingia mapafuni.

Unachoweza kufanya leo

Kidonda kibichi kisafishe kwa maji ya chumvi: chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe. Lowanisha pamba, laza juu ya kigaga mpaka kilainike chenyewe, usikibandue. Punguza manyoya ya pembeni yasigande kwenye usaha. Spiriti hapana, inauma na inaunguza seli mpya zinazojaribu kuziba jeraha. Kata ncha za kucha za miguu ya nyuma, ile sehemu ya juu inayopitisha mwanga tu, usifike kwenye waridi penye damu.

Koni ya shingoni unaweza kuitengeneza kwa boksi au kwa dumu la plastiki lililokatwa na kingo zake kufungwa kwa selotepu laini. Lakini kuna tahadhari. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha jaribio ambapo baadhi ya paka wenye viroboto walivalishwa koni wasijilambe. Baada ya wiki tatu walikuwa na viroboto karibu mara mbili ya wenzao wasiovalishwa. Kwa hiyo koni bila dawa ya viroboto ni kumfunga mtu mikono halafu kumwacha na mbu. Na paka mwenye koni asitoke nje, mbwa wa mtaa watamkuta hana ujanja.

Nyumba nayo. Matandiko yote anayolalia fua kwa maji ya moto na anika juani, kali ile ya saa saba. Mkeka ukung'utwe nje, siyo barazani. Fagia chini ya vitanda na kwenye kona kila siku kwa wiki kadhaa. Mtikisiko wenyewe unawaamsha waliomo kwenye vifuko watoke, wakutane na paka aliyekwisha kupakwa dawa. Ndiyo, kwa wiki mbili tatu utaona wapya na utadhani dawa ni feki. Endelea. Paka na mbwa wote wa nyumba watibiwe siku moja, na dawa irudiwe kwa tarehe aliyosema daktari. Kipaka kidogo kisichoruhusiwa dawa bado kinaweza kuchanwa kwa chanuo la chawa mara mbili kwa siku, chanuo ukilichovya kwenye bakuli la maji ya sabuni.

Kama viroboto wameshadhibitiwa kweli na wadudu wengine wameondolewa, ndipo tunauliza chakula. Vyakula vinavyotajwa zaidi kwa mzio wa paka ni nyama ya ng'ombe, samaki na kuku. Paka wetu wamekulia dagaa na vichwa vya samaki, kwa hiyo jaribio linakuwa kumlisha nyama ambayo hajawahi kula, mbuzi au sungura kwa mfano, pekee yake kwa wiki nane hivi. Pekee yake, hapo ndipo pagumu. Paka mwenye nyumba tatu atakula dagaa kwa mama jirani na jaribio limekufa.

Wengine watakwambia paka ana mawazo, au ana jini. La jini siliwezi. La mawazo lina utafiti: mwaka 2006 walichunguzwa paka 21 waliodhaniwa kujinyonyoa kwa sababu ya msongo. Kumi na sita walikutwa na ugonjwa wa mwili, watatu walikuwa na vyote viwili, na wawili tu ndio ilikuwa kichwani peke yake.

Kwa Dar huduma ipo zaidi ya tunavyodhani. Uliza ofisi ya kata akuunganishe na afisa mifugo. Ukimpata daktari wa binafsi usione haya kuuliza usajili wake kwenye Baraza la Veterinari Tanzania. Sheria ya mwaka 2003 ndiyo inayodai hivyo. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, makao makuu yake yako Temeke. Wa Morogoro wana chuo cha SUA jirani. Mbebe paka kwenye kikapu chenye kifuniko au boksi lenye matundu, na akikukwarua au kukuuma njiani, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya useme umeumwa na paka. Kichaa cha mbwa kinabebwa na paka pia. Na kinyesi cha kiroboto kilichonasa kwenye kucha kinaweza kubeba bakteria anayevimbisha tezi za binadamu kwa wiki kadhaa.

Limebaki kundi moja ambalo halina mdudu. Paka mweupe, au mwenye masikio meupe, anayelala juu ya bati au ukutani mchana. Dar iko chini ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na ncha ya sikio jeupe haina rangi ya kuikinga na jua. Inaanza kama wekundu, halafu ukoko mdogo unaodondoka na kurudi, kidonda kisichopona miezi na miezi. Watu wanapaka dawa ya ukurutu. Hiyo inaweza kuwa saratani ya ngozi. Ikigunduliwa mapema daktari anakata ncha ya sikio na paka anaendelea na maisha yake. Ikiachwa inakula kushuka chini kuelekea kichwani. Mweke ndani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na kidonda cha sikio jeupe kikipita wiki tatu hakijapona, usisubiri ya nne.